Shajara ya mradi: seli za glia kwa waya wa mota zilizoungua, Lubumbashi

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Naanza leo, siku ya posho kama tunavyosema hapa kwetu. Naandika kwa walimu wenzangu watakaotaka kuiga kazi hii, waone mapema nilipojikwaa.

Mwaka jana niliwafundisha darasa la tano la sekondari, wa biolojia na kemia, mfumo wa neva. Niuroni, seli za neva zinazopitisha ujumbe, nilizipa saa mbili nzima. Glia nikazipa dakika kumi za mwisho, nikasema ni gundi inayoshikilia niuroni, kengele ikalia. Kwenye mtihani mwanafunzi mmoja akaandika: "Glia ni kola ya ubongo." Kola kwetu ni gundi. Nikampa alama zote. Ni likizoni tu ndipo nilipoona kwamba kosa lilikuwa langu, naye alikuwa amelinakili vizuri.

Jina lenyewe linachangia. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani, ndiye aliyelitoa mwaka 1856, na kwa Kigiriki maana yake ni gundi. Aliona kitu kimejaa katikati ya seli za neva, akadhani ni saruji ya kujazia. Leo tunajua kazi zake ni nyingi, lakini jina limeng'ang'ania.

Mpango: ubao wa tripleksi (plaiwudi), juu yake niuroni moja kubwa na aina sita za glia zikiizunguka. Nne ni za ubongo na uti wa mgongo: astrositi, oligodendrositi, mikroglia na seli za ependima. Mbili ni za neva za nje: seli za Schwann na seli setilaiti.

Kipimo kimenichekesha. Nimechagua sentimita 1 iwe mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), ili mwili wa niuroni ya kadiri, wa mikroni 20, uwe na upana wa sentimita 20. Nikaendelea na hesabu. Aksoni, yaani mkia mrefu wa niuroni unaopeleka ujumbe, inayotoka mgongoni hadi mguuni, ya mita moja, ingekuwa na urefu wa kilomita 10. Basi unene nitaufuata, urefu nitaukata, na nitaliandika hilo ubaoni kwa herufi kubwa.

Tripleksi: franka 42,000.

Jumamosi, 12 Oktoba

Udongo umeshindwa.

Nilifikiri kichuguu kitanitosha. Nje ya mji vimejaa, virefu kuliko nyumba, na watu wanavifyatulia matofali. Nikalipa 2,000 kwa gunia moja lililoletwa kwa baiskeli. Mwili wa niuroni ulikauka vizuri. Astrositi ndiyo iliyonishinda. Inafanana na nyota, ina matawi membamba yanayogawanyika tena na tena, na udongo haupendi kitu chembamba. Siku ya tatu kila tawi lilikuwa limepasuka shinani. Nikachanganya mchanga, likapasuka polepole zaidi. Nikachanganya majani makavu yaliyokatwakatwa, likashika, lakini tawi likawa nene kama kidole gumba. Astrositi ya namna hiyo ni kiazi chenye mizizi.

Ukiiga: udongo utumie kwa mwili wa niuroni tu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimehamia kwenye shaba, na ningepaswa kuanzia hapo. Sisi tunaishi juu ya shaba, halafu mimi nahangaika na mchwa!

Kuna fundi wa kubobina mota, yaani kuzifunga waya upya, upande wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mzee mmoja ambaye karakana yake haina hata kibao. Mota zilizoungua anazivua waya wake na kuuuza kwa kilo. Nusu kilo 9,000. Waya wa milimita moja hivi unapindika kwa mkono na kubaki ulivyoupinda. Mbinu niliyoipata: kata nyaya kumi na mbili za sentimita 40, zifunge katikati, halafu kila ncha uitenganishe mara mbili. Dakika ishirini, astrositi imetoka.

Mwili na matawi niliyavisha karatasi za madaftari ya zamani zilizoloweshwa uji wa unga wa muhogo (1,500). Ikapendeza sana. Jumatano asubuhi nikakuta mende wamekula matawi mawili, na panya amebeba moja zima. Wale watoto wa nyumbani walifurahi kuliko mimi. Nimenunua kola nyeupe ya mbao, 8,000, nikarudia yote. Kola ya mbao mende hawaigusi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Hili la leo ni kosa la kichwa, vifaa havikuwa na hatia.

Seli za Schwann na oligodendrositi zinafanya kazi moja: kuizungusha aksoni utando wa mafuta unaoitwa mielini, tabaka juu ya tabaka, pengine mara mia. Kwa hiyo nilizitengeneza sawasawa, kila seli na aksoni yake, nikabadilisha rangi tu. Nilipokuwa nabandika nikashtuka. Seli ya Schwann inavisha kipande kimoja tu cha aksoni moja, nayo inajiviringisha yote kama mtu anayejifunga kitenge. Oligodendrositi inabaki pembeni na kunyoosha mikono, kila mkono unavisha kipande chake, na vipande hivyo vinaweza kufika 50, vya aksoni tofauti. Nilikuwa nimeitengeneza kama ndugu yake pacha. Nikaivunja. Waya mwingine robo kilo, 4,500. Mpya ina mikono sita kwenye aksoni tatu, inatosha kuonyesha.

Nilipomweleza fundi kwa nini narudi kununua, alinyanyua mkono wa kushoto. Kwenye kifundo kuna kovu refu, bati lilimkata zamani.

"Mwalimu, vidole hivi viwili vilikufa kabisa. Ningeweza kushika moto nisijue."

"Vilirudi lini, Papa?"

"Miezi saba hivi. Vilianza kuwasha kwanza, kutoka huku chini kwenda kwenye kucha."

Nikachukua futi yake tukapima kutoka kovu hadi ncha ya kidole: sentimita 18. Aksoni iliyokatwa nje ya ubongo na uti wa mgongo huota tena kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Hiyo ni siku 180, ongeza majuma ya mwanzo ambapo hakuna kinachoota, unapata miezi yake saba. Wanaoifanya kazi hiyo ni seli za Schwann. Mielini iliyovunjika wanaisafisha, halafu wanajipanga kama mfereji, na aksoni inaufuata. Ndani ya uti wa mgongo mfereji huo haupo. Mabaki ya mielini ya oligodendrositi yenyewe yanazuia aksoni isiote, na astrositi zinajenga kovu juu yake. Ndiyo maana aliyekatwa kifundo anarudishiwa kidole, na aliyevunjika mgongo mara nyingi harudishiwi miguu.

Mzee akakitazama kile kidole kwa muda, akasema basi bati lilimhurumia. Robo kilo aliipima ikazidi kidogo.

Jumamosi, 2 Novemba

Jaribio la umeme limeshindwa kabisa, na kushindwa huko nakuthamini kuliko yote.

Nilitaka wanafunzi waone mielini inafanya nini. Nikachimba mfereji wa mita tatu uani, nikaujaza tope la chumvi, nikapitisha waya mtupu na waya wenye plastiki. Betri mbili za tochi upande mmoja, balbu upande wa pili. Matarajio: waya mtupu uvujishe umeme kwenye tope na balbu ififie. Balbu zote mbili ziliwaka sawa. Nikaazima mita ya fundi ya kupimia umeme. Tofauti hakuna.

Mzee alicheka hadi akakaa. "Shaba hiyo, Mwalimu! Umeme utaacha barabara ya lami upite porini?"

Ndilo jibu. Shaba inapitisha umeme vizuri mno hata tope la chumvi haliwezi kuushawishi utoke. Maji yaliyo ndani ya aksoni yanapitisha vibaya kuliko shaba mara mamilioni, na utando wake una matundu. Aksoni ni barabara mbovu yenye vichochoro kila upande, ndiyo maana inahitaji kufunikwa. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watoto "aksoni ni kama waya". Sitasema tena.

Nikageukia maji. Mpira wa maji wa mita 6 (12,000), nikautoboa kwa msumari kila sentimita 10. Ndoo juu ya ukuta. Mwishoni yalitoka matone tu. Halafu nikakata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli (3,000), nikavifunga kwa kukaza juu ya matundu, nikiacha tundu moja wazi kila baada ya matano. Chupa ya nusu lita ikajaa kwa sekunde 40. Angalia ukazaji. Nilipofunga kwa ulegevu maji yalipita chini ya mpira yakatokea pengoni, na watoto wangeona kinyume cha ninachotaka.

Yale mapengo yanaitwa vifundo vya Ranvier, kwa jina la Mfaransa aliyeyaeleza. Kwenye kipimo changu kifundo kingekuwa na sentimita 1, na kipande cha mielini cha aksoni nene ya mguu kingefika mita 10. Kwenye ubao wangu kipande kina sentimita 15, kwa hiyo nimeongeza maandishi.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua ya juma zima. Kola haikauki, tripleksi imejikunja kona moja, nimeigongelea mbao mbili nyuma.

Astrositi zimekaa mahali pake. Miguu ya moja inaukumbatia mshipa wa damu, kipande cha mpira kilichopakwa nyekundu. Kwanza niliandika kwamba miguu hiyo ndiyo kizuizi kati ya damu na ubongo. Si hivyo: kizuizi ni seli za ukuta wa mshipa zenyewe, zilizoshikana bila kuacha upenyo. Astrositi inaufunga mshipa kwa nje na kuzifanya seli zile zidumu katika kushikana huko. Kibao cha maelezo kimerudi kwa mchapishaji.

Matawi ya upande wa pili yanagusa sinapsi, mahali niuroni mbili zinapopeana ujumbe. Hapo astrositi inafyonza glutamati, kemikali ya kupeana ujumbe, iliyomwagika, inaigeuza kuwa glutamini na kuirudishia niuroni itumie tena. Ikiachwa, glutamati inaichochea mno niuroni hadi kuiua. Inafyonza pia potasiamu iliyozidi. Kama mama anayeosha sahani huku wageni bado wanakula, alisema mke wangu, naye alikuwa anaosha sahani wakati huo, kwa hiyo nikanyamaza.

Jumamosi, 16 Novemba

Makosa mawili, yote ya madaftari ya zamani.

La kwanza ni rangi. Glia zote za ubongo nilizipaka kijani, familia moja. Rangi, mikebe mitatu, ilikuwa 15,000. Lakini mikroglia si ndugu wa damu wa hizo nyingine. Astrositi, oligodendrositi na ependima zinatoka kwenye tishu ileile inayozaa niuroni. Mikroglia zinatoka kwenye mfuko wa kiini wa mimba changa, ukoo wa seli za ulinzi, zinahamia ubongoni mapema kabla mtoto hajazaliwa na kubaki humo. Ni askari aliyeoa kijijini. Zinatembeza vimikono vyake bila kupumzika, zinakagua, zinameza seli zilizokufa na vijidudu, na ubongo unapokua zinapogoa sinapsi zisizohitajika. Ni humo pia ambamo virusi vya UKIMWI hujificha vikishaingia ubongoni. Mkebe wa rangi ya chungwa, 5,000.

Pío del Río Hortega, Mhispania, ndiye aliyezitenganisha na nyingine mwaka 1919, kwa kuzipaka fedha. Na rangi ya fedha iliyotangulia hiyo, ile ya Camillo Golgi ya 1873, ilipatikana katika jiko la hospitali ya wagonjwa wasiopona, jiko alilogeuza maabara. Nimemsomea mke wangu habari hiyo. Hajashawishika kuhusu jiko letu.

La pili ni idadi. Vibao vya kwanza (6,000) viliandikwa "glia ni mara 10 ya niuroni". Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofundisha. Suzana Herculano-Houzel wa Brazili alitafuta hesabu hiyo ilikotoka, na badala yake akaja na njia ya kuusaga ubongo mpaka uwe kama supu na kuhesabu viini vya seli ndani yake. Mwaka 2009 yeye na wenzake walitoa jibu: niuroni kama bilioni 86, na seli nyingine zote karibu bilioni 85. Karibu moja kwa moja. Kuchapisha upya, pamoja na kile kibao cha mshipa wa damu, 4,000.

Jumamosi, 23 Novemba

Siku nyepesi. Seli setilaiti zinauzunguka mwili wa niuroni kwenye mafundo ya neva (si vile vifundo vya Ranvier) yaliyo nje ya uti wa mgongo, zimebanana kama ganda. Vifuniko vya chupa za bia ya Simba, 34, bure, kutoka baa ya kona. Nimevipaka upande wa chapa ili mkaguzi asiniulize.

Ependima: nywele za miswaki mizee zimebandikwa kwa safu kwenye ukingo wa birika la plastiki, kwa kuwa seli hizo zinapanga kuta za vyumba vya maji ndani ya ubongo na kuyasukuma kwa vinyweleo vyake. Kando nimetundika chupa ya nusu lita. Ndiyo maji ambayo ubongo unatengeneza kwa siku moja, ingawa yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Mengine yanarudi kwenye damu.

Jumamosi, 30 Novemba

Jaribio darasani lilifanyika Alhamisi, wanafunzi 40.

Ule mpira wa maji waliuelewa haraka, na haraka vilevile msichana mmoja wa dawati la pili akautoboa kwa njia yake: "Mwalimu, hapo penye pengo maji yanapotea. Mbona ishara haipotei?" Kwa sababu kwenye kifundo kuna milango ya sodiamu inayofunguka na kuijaza ishara nguvu upya, na mpira wangu hauna pampu. Nusu ya somo inakosekana. Ukiiga, sema mapema, usingoje uulizwe.

Tukatoka uani tuongeze nusu ya pili. Kwanza mstari wa watu 40, kila mmoja akibanwa mkono anambana wa pili yake. Sekunde 11. Hiyo ndiyo aksoni isiyo na mielini, kila hatua inajiamsha yenyewe. Halafu kila wa tano tu, watu 8, wameunganishwa kwa kamba: ukivutwa, unavuta. Nilitarajia sekunde mbili tatu. Zilikuwa 9! Kamba ililegea katikati, kila mmoja akawa anavuta ulegevu kwanza.

Wale 32 walikuwa wamesimama pembeni wakicheka. Nikawaita waishike kamba juu ya viganja, isilegee, na wasivute. Sekunde 4. Tukarudia mara tatu, 4 na 5. Mvulana mmoja wa kati alilalamika kwamba yeye hafanyi kitu, anashika tu. Nikamwambia aachie. Akaachia, ishara ikachelewa hapohapo kwake, wenzake wakampigia kelele hadi akaishika tena.

(Kushika kamba si kuhami, najua. Lakini nimewaambia, na wameandika.)

Tukafunga kwa mwendo halisi. Aksoni nene yenye mielini inaweza kupitisha ishara kwa mita 120 kwa sekunde, na ile nyembamba isiyo nayo, mita 1 hivi. Ndiyo maana ukigonga kidole cha mguu kwenye kitanda unajua kwanza kwamba umegonga, unapata hata nafasi ya kufikiri "sasa inakuja", halafu yale maumivu mazito yanakuja.

Swali la mwisho sikulitazamia. Mwanafunzi aliuliza kwa nini bibi wa jirani yao mwenye ukoma anaungua vidole akitoa chungu na hasikii. Bakteria ya ukoma inaingia ndani ya seli za Schwann na kuishi humo. Inapenda sehemu za baridi za mwili, kwa hiyo inachagua neva zilizo karibu na ngozi, mikononi, miguuni na usoni. Seli ikiharibika na aksoni yake inaharibika. Vidole havianguki vyenyewe kama watu wanavyosema. Mtu anaungua na kujikata bila kujua, vidonda vinakula. Na ugonjwa unatibika kwa vidonge, ukiwahiwa neva zinapona kabla hazijafa. Darasa lilikuwa kimya. Nikaongeza kibao kwa mkono, chini ya seli ya Schwann, kwa kalamu.

Jumamosi, 7 Desemba

Jumla ya matumizi: franka 112,000. Kati ya hizo 17,000 ni ada ya makosa yangu: udongo 2,000, muhogo 1,500, robo kilo ya waya 4,500, rangi ya chungwa 5,000, vibao vipya 4,000. Ukisoma kabla ya kununua, hizo utabaki nazo.

Ubao umetundikwa. Mkono mmoja wa oligodendrositi umeshang'oka, kila anayepita anaugusa. Mzee wa kubobina amesema niulete auunge kwa risasi ya kulehemu, bure, ila anataka na yeye aonyeshwe seli iliyomrudishia kidole.

Pia kuna glia za utumboni, zinazoishi katikati ya neva za ukuta wa tumbo, ambazo sikuzipangia nafasi. Waya umebaki mita mbili na kidogo.